Deni la Berkane

Tangu nirudi kutoka Unguja nimeshona magauni matatu na kupunguza suruali mbili za shule, na kila nikikanyaga cherehani akili inarudi Amaan, dakika za nyongeza, ule mpira unavuka mstari. Wateja wanauliza, "Fundi, mbona kimya?" Nawajibu nina mafua. Wanaonijua vizuri hawaulizi. Wanaweka kitambaa mezani, wanataja vipimo, wanaaga.

Jumapili ya tarehe 25 Mei 2025 Simba ilitoka sare ya 1-1 na RS Berkane ya Morocco kwenye uwanja wa New Amaan, Zanzibar. Ulikuwa mkondo wa pili wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mkondo wa kwanza, siku nane kabla, tulifungwa 2-0 kwao. Jumla 3-1. Berkane wamelibeba kombe hilo kwa mara ya tatu, baada ya 2020 na 2022. Sisi tumerudi na medali za fedha, na mimi nimerudi na bendera iliyochanika pembeni.

Kufungwa nimeshafungwa mara nyingi na najua namna ya kukaa nako. Unalia siku moja, unazima simu siku mbili mpaka watani wachoke, ya tatu unarudi mjini. Sare ya nyumbani haina utaratibu huo. Mtu anakupa pole na hongera kwa pumzi moja. Mdogo wangu alinitumia ujumbe usiku ule ule: "Angalau hamkufungwa dada." Mpaka leo sijamjibu, na ninampenda kuliko watu wote nyumbani kwetu.

Neno sare nalitaja kila siku ya Mungu. Sare za shule zinanilipia kodi ya fremu mwezi wa kumi na mbili na wa kwanza, sare za harusi zinanilipia miezi mingine. Kwangu mimi sare ni watu 12 waliovaa kitambaa kimoja, mshono mmoja, hakuna aliyemzidi mwenzake. Ndiyo maana ule ubao wa Amaan ulinichanganya. 1-1, na upande mmoja watu wanabebana mgongoni na kuimba, upande wa pili mtu mzima mwenye mvi ameegemeza paji la uso kwenye kiti cha mbele, mabega yanatikisika. Hiyo ni sare gani?

Tawi letu lipo Tandika. Tuliposhinda nusu fainali nilijitolea kushona bendera kubwa, wanachama wakachangishana kitambaa: satini nyekundu mita 14, nyeupe ya herufi mita tatu. Niliishona usiku kwa siku tatu kwa sababu mchana nina kazi za watu. Satini inateleza. Ukiharakisha inajikunja chini ya sindano na mshono unavuta, kwa hiyo unaipeleka taratibu, mkono mmoja mbele, mkono mmoja nyuma. Herufi nilizikata kwa karatasi ya sukari kwanza, nikazipanga sakafuni, nikahama huku na huku kuzitazama: NGUVU MOJA. Ilipokamilika haikuenea chumbani. Tuliikunjulia barabarani na bodaboda zikasimama kuipisha.

Tulivuka Jumamosi asubuhi. Kusi lilikuwa limeshaanza, boti ilikuwa inapanda na kushuka, nusu ya abiria wanaimba na nusu wameshika mifuko ya kutapikia, na wapo waliofanya yote mawili kwa zamu. Tuliposhuka Malindi wapagazi wenyewe walikuwa wamefunga vitambaa vyekundu vichwani. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu tangu Jumapili nasikia watu wakisema tulikosa kombe kwa kuwa hatukucheza nyumbani. Zanzibar walitupokea kama wana wao. Nilikula kwenye nyumba mbili nisizozijua kabla sijafika kwa shangazi yangu Rahaleo.

Ni kweli kwamba fainali tuliitarajia kwa Mkapa, na CAF ikaihamishia Unguja kwa sababu ya hali ya eneo la kuchezea. Mkapa, tangu ulipofunguliwa mwaka 2007, unaingiza watu 60,000. Amaan mpya ni uwanja mzuri, safi, uko karibu na mchezaji kiasi cha kumsikia akipumua, lakini unaingiza kama 15,000. Kwa kila mmoja aliyepata kiti, watatu ambao kwa Mkapa wangekaa walibaki nje. Wengi wa tawi letu walibaki Tandika kwenye kibanda umiza. Hilo liliniuma kwa ajili yao. Lakini Aprili tuliwafunga Stellenbosch pale pale Amaan, 1-0, faulo ya Jean Charles Ahoua, na hakuna aliyelalamika kwamba si nyumbani. Hatuwezi kuukubali uwanja tukishinda na kuukana tukikosa.

Basi. Mechi.

Dakika ya 17 Joshua Mutale akafunga. Mpira wenyewe sikuuona ukiingia. Niliona nyavu, halafu nikaona anga, kwa sababu kijana wa safu ya nyuma aliniangukia mabegani na wote wawili tukaenda chini. Tulipoinuka bendera ilikuwa imeshatandazwa juu ya vichwa vyetu na chini yake kulikuwa na giza jekundu, watu wanapiga mayowe wasioonana. Bado moja tulingane. Mapumziko tulikwenda tukiongoza, na nakwambia, katika foleni ya maji hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa na shaka. Mama mmoja mbele yangu alikuwa anahesabu kwa vidole wapigaji wetu wa penalti.

Dakika ya 50 Yusuf Kagoma akatolewa kwa kadi nyekundu. Sina neno la kumwongezea, ameshalia ya kutosha bila mimi. Ninachotaka kukisema ni kwamba tulibaki 10 na bado tulikuwa tunalitafuta bao la pili, na vijana hawakurudi nyuma. Wangeweza kukaa, wakaulinda ule ushindi mdogo, wakasema tumefungwa kwa jumla lakini nyumbani tumeshinda. Hawakufanya hivyo. Walikwenda.

Na Steven Mukwala akafunga.

Hapa ndipo ninapokwama kila nikisimulia. Kuna muda kati ya bao na ile habari ya mwamuzi kuweka mkono sikioni. Sijui ulikuwa mrefu kiasi gani. Katika muda ule tulikuwa tumerudisha zote mbili, watu 10 dhidi ya 11, katika fainali ya Afrika, ndani ya ardhi yetu. Mwanamke aliyekuwa kulia kwangu, ambaye jina lake silijui hadi leo, alikuwa amenishika kiganja. Alikuwa na hina mbichi bado, ile ya rangi ya chungwa ambayo haijakolea, na kucha zake zilikuwa zimenizama. Mwamuzi akasimama. Watu wa mbele wakaanza kushusha mikono, kisha wa katikati, kisha sisi. Alipotangaza kwamba ni kuotea, yule mwanamke hakuniachia. Tulibaki tumeshikana vilevile tukitazama mpira ukiwekwa chini, na alama nne za kucha nilizikuta kiganjani usiku, nikitawadha.

Sibishani na teknolojia ya video ya waamuzi. Kama aliotea, aliotea. Lakini mpira wa zamani ulikuwa unakupa huzuni moja kwa wakati, huu wa sasa unakupa furaha nzima halafu unakuja kuichukua mkononi.

Halafu dakika za nyongeza. Soumaïla Sidibé akasawazisha. Ninachokumbuka ni sauti. Muda wote wa mchezo sikuwa nimesikia mchezaji hata mmoja akizungumza, tulikuwa tunawafunika wote kwa kelele. Mpira ulipoingia uwanja ulizimika, na nikawasikia Berkane wakiitana kwa majina, waziwazi, kama watu walio ukumbini. Tulikuwa wageni wa sauti zao katika uwanja wetu.

Bao lile halikubadilisha kombe. Liwe limeingia au halikuingia, kombe lilikuwa la Berkane, kwa 2-1 au kwa 3-1. Lakini lilichukua kitu kidogo tulichokuwa tumebaki nacho, ule ushindi wa 1-0 wa kupeleka nyumbani. Ningeweza kuishi na ushindi huo. Ningemwambia mdogo wangu, tumeshinda, ila hesabu imetukataa. Sasa sina hata hilo la kumwambia.

Kushoto kwangu alikuwapo mzee mmoja, kanzu nyeupe, skafu ya Simba ya kufumwa kwa mkono, ya zamani sana. Nilimwamkia mwanzoni, shikamoo, marahaba mwanangu, basi, hatukuongea tena mchezo mzima. Watu walipoanza kutoka yeye alibaki amekaa, nami nilikuwa naikunja bendera. Akanisaidia kushika ncha.

"Mimi nilikuwapo mwaka 1993," akasema.

Sikuhitaji kuambiwa 1993 ni nini. Kila mwana Simba anaujua mwaka huo hata kama alikuwa hajazaliwa. Fainali ya Kombe la CAF, na Stella ya Abidjan. Hiyo ndiyo ilikuwa fainali yetu pekee Afrika kabla ya hii, miaka 32 nyuma.

"Kule kwao tulitoka suluhu," akaendelea. "Bila kwa bila. Tulirudi Dar tunaimba, tunajua kombe letu. Tukafungwa mbili pale Taifa."

Nikamuuliza, "Sasa mzee, kipi afadhali? Kurudi na suluhu au kurudi unadaiwa?"

Alifikiri sana. Alikuwa bado ameshika ncha ya bendera, kaikunja mara mbili kwa uangalifu kama anakunja mkeka wa msikiti. "Afadhali kurudi na bao," akasema. "Wale Stella hatukuwafunga kwao. Hapo tu."

Akanikabidhi ncha yake, akaaga.

Usiku ule nililala kwa shangazi. Shangazi hafuatilii mpira, hajawahi, na jirani zake wakipiga kelele yeye huenda kufunga madirisha. Aliniwekea wali na mchuzi wa changu, akanitazama nikichezea chakula, akasema, "Pole mwanangu. Lakini si nimesikia mmetoka sawa?"

"Tumetoka sawa leo, shangazi. Ila wiki iliyopita kwao walitufunga mbili."

"Kwa hiyo mlikuwa mkidaiwa mbili."

"Ndiyo."

"Leo mkalipa moja."

"Ndiyo."

"Halafu mkakopa tena moja."

Nikanyamaza.

"Basi hamjatoka sawa," akasema, akanisogezea ndimu. "Deni lenu ni lile lile."

Sijawahi kusikia mchambuzi akiieleza fainali ile kwa uwazi kuliko hivyo, na wachambuzi nimewasikiliza wengi wiki hii. Nililala nikilifikiria neno deni. Nimelifikiria kwenye boti ya kurudi, nimelifikiria hapa kwenye cherehani, na sasa nina hakika nalo. Fainali hii hatukuipoteza Amaan. Tuliipoteza tarehe 17 Mei, Berkane, robo saa haijatimia. Dakika ya nane bao la kwanza, dakika ya 14 bao la pili. Tulikuwa tumekaa tawini, chai ilikuwa bado haijapoa. Baada ya hapo wao hawakuongeza na sisi hatukupunguza, na filimbi ilipolia mwenyekiti wetu alisimama akasema, "Mbili tu hizo. Nyumbani zinarudi."

Tukapiga makofi. Nami nilipiga.

Hapo ndipo ulipo ugonjwa wetu, na nausema kwa sababu naipenda timu hii tangu nikiwa mtoto wa darasa la tatu. Simba imejenga jina lake Afrika kwa kwenda kukopa ugenini na kuja kulipa nyumbani. Msimu wa 2018/19 tulifungwa 5-0 Kinshasa na AS Vita, tukafungwa 5-0 na Al Ahly kule Misri, tukafungwa 2-0 na JS Saoura kule Algeria. Mechi tatu za ugenini katika kundi, mabao 12 ya kufungwa, hata moja la kufunga. Na tulifuzu robo fainali! Tulifuzu kwa sababu nyumbani tuliwapiga wote watatu: Saoura 3-0, Al Ahly 1-0, Vita 2-1 kwa bao la Clatous Chama la mwisho mwisho, siku ambayo nilipoteza kiatu kimoja na sikurudi kukitafuta. Baadaye ule msemo wa kwa Mkapa hatoki mtu ukatukaa mwilini. Tuliupenda. Tuliuimba. Ulikuwa kweli.

Lakini ugonjwa huanzia kwenye dawa iliyokuponya mara ya kwanza. Robo fainali ya msimu ule TP Mazembe wakaja Dar, tukatoka nao suluhu, penalti tukaikosa, kisha Lubumbashi wakatupiga 4-1. Mwaka 2021, baada ya kuongoza kundi kwa pointi 13, tukaenda Johannesburg kwa Kaizer Chiefs tukafungwa 4-0 kwenye robo fainali. Nyumbani tukawapiga 3-0. Nilikuwa nasoma dua dakika 20 za mwisho nikitafuta bao moja tu. Tulilipa tatu, deni lilikuwa nne. Mwaka 2022 na Orlando Pirates, mwaka 2023 na Wydad, hadithi ni moja kana kwamba imenakiliwa: nyumbani 1-0, ugenini 0-1, penalti 4-3, kwaheri. Huko tulikwenda na akiba na tukashindwa kuitunza siku moja.

Na mwaka huu wenyewe, robo fainali na Al Masry. Kwao 2-0. Tukarudi kwa Mkapa, Elie Mpanzu akafunga, Mukwala akafunga, penalti kipa Moussa Camara akasimama kama ukuta, tukapita 4-1. Usiku ule Temeke haikulala. Sasa mtu aliyelipa deni la mbili mwezi wa nne, mwezi wa tano ukimwambia anadaiwa mbili ataogopa? Hataogopa. Atasema nyumbani zinarudi. Atapiga makofi.

Nani kasema kwamba nyumbani ni mahali pa kulipia madeni tu? Natamani siku moja niende uwanjani kwenye mechi ya marudiano nikiwa sidaiwi. Nikae, nile karanga, nitazame mpira. Sijui hali hiyo ikoje. Kila mechi kubwa ya Afrika niliyoiona kwa macho yangu nimeiona nikihesabu: bado mbili, bado moja, bado dakika 10. Na timu inayocheza huku inahesabu haiwezi kungoja, inafungua mlango wa nyuma. Lile bao la Sidibé liliingia kwa sababu tulikuwa 10 na tulikuwa bado tunadaiwa. Timu isiyodaiwa isingekuwa imejaa mbele dakika za nyongeza.

Watu wa tawini wananiambia ugenini ni ugenini, kila mtu anafungwa ugenini, kuna baridi, kuna hujuma, kuna tochi za machoni. Sikatai. Lakini historia yetu wenyewe inawakatalia. Mwaka 1979 Mufulira Wanderers ya Zambia ilikuja Dar ikatufunga 4-0. Nne, nyumbani. Simba ile ikapanda kwenda Zambia ikawafunga 5-0 kwao na kusonga mbele. Babu zetu walilipa deni katika nyumba ya mdai! Mwaka 2003 tulimtoa Zamalek, bingwa mtetezi, na penalti zikapigwa Cairo, mbele ya watu wake. Mwaka 2021, mwaka ule ule wa Kaizer Chiefs, tulimfunga AS Vita 1-0 kule kule Kinshasa tulikochapwa tano miaka miwili kabla. Na huhitaji kwenda mbali: Aprili hii tulikwenda Durban na bao letu moja la Ahoua, Stellenbosch wakatushambulia, tukatoka 0-0. Tulilinda. Kumbe tunaweza.

Kwa hiyo si damu wala si uchawi. Ninavyoona mimi, mshonaji asiyejua mbinu, ni zile dakika 20 za kwanza. Vijana wetu ugenini wanaanza mechi kama wageni waliokaribishwa sebuleni, wanangoja waambiwe wakae wapi. Wakishaambiwa, ubao unasoma mbili. Kipindi cha pili wanacheza vizuri na sisi tunatoka tukisema "tumeonesha mpira". Hakuna aliyewahi kupewa kombe kwa kuonesha.

Na sisi mashabiki tumo humo humo. Hamasa yetu yote ni ya nyumbani. Matarumbeta, magari ya matangazo, jezi, keki, dua za pamoja, vyote tunavipanga kwa ajili ya mechi ya marudiano. Ya kwanza, ya ugenini, tunaiangalia kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Katika vikao vya tawi letu sikumbuki hata kimoja tulichokaa kupanga mechi ya ugenini. Tulikaa vikao vinne kupanga Amaan. Bendera yangu, mita 14, niliishona kwa ajili ya Amaan.

Jumatatu asubuhi kwenye boti watu hawakuimba. Bahari ilikuwa imetulia, safari hii hakuna aliyetapika. Mtoto wa mwanachama mmoja, kama miaka saba hivi, alipatwa na baridi ya kiyoyozi nikamfunika na bendera, akalala hadi Dar akiwa ndani ya lile jekundu lote, herufi M ikiwa shavuni. Tuliposhuka ndipo nikaona imechanika. Ilinasa kwenye msumari jukwaani, nadhani wakati wa lile bao lililokataliwa, tulipokuwa tunairusha. Mpasuko kama shubiri mbili.

Jana mwenyekiti alipiga simu. Aliniuliza habari za mwili, akanipa pole, akasema bendera niitengeneze taratibu, hakuna haraka, msimu mpya bado, itahitajika tukirudi nyumbani.

Nikamuuliza, "Mwenyekiti, na ya ugenini tunakwenda wangapi?"

Akanyamaza kidogo. "Ugenini wapi?"

"Popote watakapotupangia. Raundi ya kwanza. Ikiwa ni ya basi, twende na basi."

"Fundi, hela hiyo..."

"Tulichangishana boti, vyakula, mita 17 za kitambaa. Niambie mmoja mmoja nitaanza kuandika majina."

Akasema tutaongea Jumapili kwenye kikao. Sawa. Nimeshaandika jina langu na la yule baba wa mtoto.

Na bendera sijaishona ule mpasuko. Nimeikata. Mita 14 hazibebeki, zinahitaji watu wanane na jukwaa letu wenyewe, na ugenini hatutakuwa na jukwaa. Nimebakiza mita nne, nimezifumua herufi zote tisa kwa wembe, uzi mmoja baada ya mwingine, na ninazipunguza ili zienee. Leo nimemaliza NGUVU. Nimeijaribu kuikunja, imeingia kwenye begi la mgongoni na nafasi ya sweta imebaki.